Fungu la Meneja

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 16, Paulo na Sila wako Filipi, na siku nyingi wanafuatwa barabarani na kijakazi mwenye pepo wa uaguzi. Tukihubiri habari hii huwa tunaharakisha kufika gerezani, kwenye nyimbo za usiku wa manane na lile tetemeko. Watu tunaowaruka ni bwana zake yule binti. Hawakuwa mmoja, Luka anawataja kwa wingi. Kwa lugha ya leo tungesema walikuwa na kampuni ndogo: binti ana uwezo, wao wana wateja, na mapato yanaingia mfukoni mwao. Paulo alipomtoa yule pepo, Luka hatuambii kwamba hata mmoja wao alimuuliza binti anajisikiaje. Anatuambia waliona tumaini la faida yao limepotea, ndipo wakawakamata mitume na kuwaburuta sokoni mbele ya wakuu.

Mimi ni meneja wa waimbaji wa nyimbo za injili. Kazi hii naifanya kati ya Ngara na Biharamulo, nikiwa pia na shamba la maharage na migomba kama wenzangu. Kwa hiyo sura hiyo naisoma kwa tahadhari. Wale mabwana walikuwa na kazi inayofanana sana na yangu.

Swali ninalotaka tulitafakari ni hili: je, mkristo anaweza kula kwa haki kutokana na karama ambayo Mungu amempa mtu mwingine? Wapo wazee wa kanisa ninaowaheshimu wanaosema hapana, na hawasemi hivyo kwa wivu. Wanasema karama haiuzwi, tumeipokea bure na tuitoe bure, na mtu anayesimama katikati ya mwimbaji na kusanyiko akikusanya fedha hana tofauti na wabadili fedha wa hekaluni. Hoja hiyo ina uzito. Siwezi kuijibu kwa kusema tu kwamba siku hizi mambo yamebadilika.

Kwanza tuelewane meneja ni nani huku kwetu. Msomaji asimfikirie mtu wa Dar es Salaam mwenye miwani ya jua na simu tatu. Huku meneja mara nyingi ni mjomba wa mwimbaji, au katibu wa kwaya, au mwenye kibanda cha kuuza simu na kuingiza nyimbo kwenye memori kadi. Ndiye anayempigia mtu wa studio Kahama au Mwanza kuomba siku. Ndiye anayetafuta Haisi ya kubeba vyombo, anayempeleka mwimbaji Radio Kwizera ili wimbo usikike, anayeandika barua za mwaliko wa uzinduzi na kumbembeleza mgeni rasmi atimize ahadi yake, maana ahadi za jukwaani ni nyingi kuliko fedha zinazofika. Ndiye anayejaza fomu za BASATA na COSOTA kwa niaba ya mtu ambaye pengine aliishia darasa la saba. Mwimbaji anapoimba dakika sita pale mbele, nyuma ya zile dakika sita kuna wiki tatu za kuhangaika, na mwimbaji angezifanya mwenyewe asingepata muda wa kutunga.

Hapo naona sehemu ya jibu. Ninachouza si karama. Nisingeweza kuiuza hata kama ningetaka, kwa kuwa mimi mwenyewe siijui kuimba. Nikianza pambio watoto hucheka. Ninachouza ni mguu wangu, simu yangu, nauli yangu na kichwa changu kinachokumbuka tarehe. Karama ni ya bure, lakini koo linakaa ndani ya mwili, na mwili huo una njaa, una watoto, una kodi ya nyumba Ngara mjini.

Nehemia aliliona jambo hili kabla yetu. Katika sura ya 13 anarudi Yerusalemu na kukuta Walawi na waimbaji hawapo hekaluni. Wamekimbia, kila mtu shambani kwake, kwa sababu fungu lao halikutolewa. Nehemia hakuwafuata waimbaji huko mashambani na kuwahubiria juu ya moyo wa kujitoa. Aliwagombeza viongozi. Kisha akaweka watunza hazina, watu waliohesabiwa kuwa waaminifu, ambao kazi yao ilikuwa kuwagawia ndugu zao. Mimi nikitafuta mahali pa meneja katika Biblia, nampata hapo, katikati ya ghala na ndugu zake, akiwa na funguo mkononi.

Nitasema jambo moja ambalo baadhi ya wasomaji hawatalipenda. Sharika zetu zinapomwalika mwimbaji, mwenye turubai analipwa. Mwenye mziki na spika analipwa, tena anadai nusu kabla hajafunga waya. Mafuta ya jenereta hununuliwa kwa fedha taslimu. Wapishi wanapata chochote. Mwimbaji, ambaye watu wote wamekuja kwa ajili yake, anaambiwa ni huduma, Mungu atamlipa, na anapewa soda na nauli ya bodaboda. Mkono mtupu haulambwi, wanasema Waswahili, na sisi tunataka mwimbaji alambe mkono mtupu huku akitabasamu. Kama huduma ni ya bure basi iwe bure kwa wote, na mwenye turubai aje kwa imani. Paulo katika 1 Wakorintho 9 anatetea kwa urefu haki ya mtumishi kula kwa kazi yake, halafu anasema yeye mwenyewe ameiacha haki hiyo. Lakini aliyeiacha ni yeye aliyekuwa nayo. Kusanyiko halina ruhusa ya kuacha haki ya mtu mwingine kwa niaba yake.

Basi fungu la mwimbaji ni halali, na fungu la meneja lina msingi. Lakini halali hiyo huharibika kwa urahisi, na mara nyingi huharibika kwenye hesabu kabla haijaharibika moyoni. Tuchukue mfano. Tamasha la Jumapili mchana limeingiza shilingi 600,000. Haisi ya kwenda na kurudi 250,000, kukodi vyombo 150,000, chakula cha kundi 60,000. Zinabaki 140,000. Mkataba unasema meneja ana asilimia 20. Asilimia 20 ya nini? Kama ni ya mapato yote, meneja anachukua 120,000 na mwimbaji anarudi kwake na 20,000. Kama ni ya kilichobaki, meneja anapata 28,000 na mwimbaji 112,000. Karatasi ni ileile, asilimia ni ileile, sahihi ni zilezile. Tofauti yote imejificha katika neno moja ambalo binti aliyesaini hakujua kuuliza. Hakuna aliyeiba kitu hapo kwa maana ambayo polisi wangeielewa. Na bado nadhani Yakobo angeutambua mkataba huo, maana alikaa kwa Labani mtu aliyembadilishia mshahara mara kumi huku akimwita ndugu.

Mimi nachukua asilimia ya kilichobaki. Sisemi ni amri kwa kila meneja. Yako matamasha ambayo baada ya gharama hakubaki kitu, na meneja naye ana watoto. Lakini kwa hesabu hii tukipata hasara tunapata wote wawili, na hilo linanifanya nipatane bei ya Haisi kwa bidii zaidi.

Paulo alipobeba mchango wa makanisa kwenda Yerusalemu hakusafiri nao peke yake. 2 Wakorintho 8 inaeleza kwamba makanisa yalichagua ndugu wa kufuatana naye, na sababu anaitaja wazi: hakutaka mtu apate la kumlaumu, akakusudia mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele za watu pia. Maneno hayo ya mwisho ni muhimu kwa kazi yetu. Mimi nikiwa mwaminifu gizani, Mungu ananiona, lakini mwimbaji haoni. Yeye naye ana haki ya kuona. Kwa hiyo daftari linakuwa na sahihi mbili, na fedha za simu zinapita kwenye namba ya mwimbaji kwanza, kisha yeye ndiye anayenitumia mimi fungu langu. Utaratibu huu una usumbufu wake, hasa mtandao ukisumbua, na ada ya kutuma ni yangu. Lakini mtu akinipa fedha kwa mkono wake, anajua ananilipa kwa kazi. Nikijikatia mimi na kumpa kinachobaki, hata kama hesabu ni sahihi, taratibu anaanza kuniona kama mwajiri wake, na mimi taratibu naanza kuamini hivyo.

Kuna mali nyingine ambayo haionekani kama fedha. Wimbo wenyewe ni wa nani? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaanza na mtunzi: yeye ndiye mwenye haki, na haki hiyo inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Wengi wa waimbaji ninaowafahamu hushangaa wakisikia habari ya ile miaka 50. Wimbo uliotungwa jikoni Rulenge unaweza kuwalisha wajukuu. Lakini mtu akikulipia studio shilingi 200,000 na kukuwekea karatasi isemayo nyimbo zote ni zake, umeuza miaka hiyo yote kwa bei ya mbuzi wawili watatu.

Katika mkoa wetu tunao mfano mkubwa, ingawa si wa nyimbo za injili. Saida Karoli, mwanamke kutoka vijijini Bukoba, alivuma nchi nzima mwaka 2001 kwa nyimbo za Kihaya ambazo Watanzania wengi waliziimba bila kuelewa neno. Mwaka 2016 Diamond Platnumz akishirikiana na Rayvanny alitoa Salome, wimbo uliojengwa juu ya Maria Salome wa Saida, na vijana ambao walikuwa wachanga alipoanza kuvuma wakaucheza kama kitu kipya. Miaka 15 ilikuwa imepita. Wimbo mzuri hauzeeki kwa kasi ya mwenye sauti, wala kwa kasi ya mkataba. Ndiyo maana mkataba wa miaka miwili usiandikwe kana kwamba wimbo nao utakufa baada ya miaka miwili.

Siku hizi kuna mtego mwingine mdogo kuliko huo, na ndio unaonasa wengi. Chaneli ya YouTube hufunguliwa kwa barua pepe ya meneja, kwa kuwa mwimbaji hana. Nywila anaijua meneja. Namba ya kupokea fedha ni ya meneja. Hakuna nia mbaya siku hiyo. Ni urahisi tu. Wakikosana baada ya mwaka, mwimbaji anakuta kwamba nyimbo zake zote, maoni ya watu, hata jina lake la jukwaani, viko nyumbani kwa mtu mwingine, na yeye aanze upya kama mgeni. Nawashauri wazazi na wazee wa kanisa: kabla hamjauliza asilimia, ulizeni nywila iko kwa nani.

Bila shaka mtu atanikumbusha Tukutendereza Yesu. Wimbo ule wa Uamsho ulivuka kutoka Uganda na Rwanda, ukaenea Tanganyika na Kenya, na mpaka leo watu wa makabila mengi wanauimba kwa Kiganda chake. Haukuwa na meneja wala chaneli. Ni kweli, na nashukuru. Lakini ulivuka kwa miguu ya watu, na watu hao walilala katika nyumba za ndugu, wakala kwenye vyungu vya ndugu, wakasindikizwa mpaka kijiji kinachofuata. Gharama ilikuwepo, iligawanywa katika nyumba nyingi kiasi kwamba hakuna aliyeiona. Kusanyiko likitaka kurudi kwenye utaratibu ule, mimi nitaacha kazi kwa furaha. Lakini lirudi na vyungu vyake.

Sasa nije kwenye jambo linalonisumbua kuliko fedha. Waimbaji wengi wanaoanza huku ni mabinti, na wengine hawajafika miaka 18. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hao ni watoto. Meneja ni mwanaume, mara nyingi ana mke, ana simu nzuri na anajulikana. Tamasha linakwisha saa mbili usiku Nyakahura, na nyumbani ni Ngara. Hapa sitaki kuzungumza juu ya dhambi iliyotendeka. Nazungumza juu ya mpango wa kazi ambao unamweka binti mahali ambapo usalama wake wote unategemea tabia ya mtu mmoja. Mpango wa namna hiyo ni mbaya hata kama mtu huyo ni malaika. Mama wa binti, shangazi, au mama mmoja wa kwaya asafiri naye, na nauli yake iandikwe kwenye gharama kama mafuta yanavyoandikwa. Meneja akilalamika kwamba kiti kimoja cha Haisi kinapotea, ameshatuambia anachokithamini.

Na usiku wenyewe. Barabara inayotoka Nyakanazi na Lusahunga kwenda Rusumo tunaijua: malori ya mizigo ya Rwanda na Burundi, milima, ukungu, na kumbukumbu ya miaka ile magari yaliposindikizwa na polisi msituni kwa hofu ya majambazi. Mwaka 2011 kwaya ya Ambassadors of Christ kutoka Kigali, ambayo wengi wetu tuliipenda kwa nyimbo zake za Kiswahili, ilipoteza waimbaji wake watatu katika ajali hapa Tanzania ikiwa safarini kurudi nyumbani. Sizungumzii chanzo cha ajali ile. Naitaja kwa sababu kila meneja anajua kishawishi cha kusema tuondoke usiku huuhuu, tusilipe malazi, kesho kuna mwaliko mwingine. Fedha ya malazi inayookolewa inaonekana kwenye daftari. Dereva aliyeamka saa kumi alfajiri haonekani popote kwenye daftari. Mwenye kupanga safari anapanga na miili ya watu, na kwa upande huu kazi yetu inafanana na ya mwenye basi kuliko ya mchungaji.

Turudi Filipi. Kosa la wale mabwana halikuwa tu kupata faida. Kosa lao ni kwamba faida yao na uzima wa binti vilikuwa vimetengana zamani, na hawakuwahi kujua mpaka siku alipopona. Kwa muda wote ule wangeweza kusema wanamtunza, wanamlisha, wanampeleka kwa watu. Siku ya kupona ndiyo iliyowafunua. Kwa hiyo meneja asijipime siku ambayo ukumbi umejaa. Siku hiyo wote tunampenda mwimbaji. Ajipime siku ambayo lililo jema kwa mwimbaji ni hasara kwake: sauti imekauka na daktari anasema apumzike miezi miwili, binti amefaulu kwenda kidato cha tano na shule ni ya bweni, mtu mwenye uwezo mkubwa kutoka mjini anataka kumchukua, ndoa yake inayumba kwa sababu ya safari, na anahitaji kukaa nyumbani.

Katika siku kama hizo mdomo wa meneja mkristo hutoa maneno ya kiroho kuliko siku nyingine zote, na nadhani hapo ndipo tunapotakiwa kujihadhari. Tunamwambia mwimbaji asizime karama iliyo ndani yake. Tunamwambia shetani anapiga vita huduma. Yule wa kidato cha tano anaambiwa elimu ya dunia inapita. Mahubiri yote hayo yanaweza kuwa kweli, ila anayeyahubiri ana asilimia 20 ndani yake, na kwa sababu hiyo hafai kuwa mhubiri wa siku hiyo. Amwite mchungaji, amwite mama mlezi wa kwaya, amwite mwalimu wa shule, watu ambao hawatapata wala kupoteza shilingi, na yeye akae kimya. Jaji mwenye shamba katika kesi hujitoa. Meneja naye ajue kujitoa.

Mwaka juzi binti mmoja niliyekuwa namsimamia aliolewa, na mumewe akahamishiwa kazi mkoa mwingine. Nyimbo nne zilikuwa zimesharekodiwa nusu. Tulikaa watu watano: yeye, mumewe, mama yake, mzee wa kanisa na mimi. Deni la studio lilikuwa shilingi 180,000. Mumewe alisema ni deni la familia sasa. Mimi nikasema niliingia kwenye deni hilo nikitarajia faida, basi nibebe nusu. Tulikubaliana hivyo, mzee akaandika. Nywila zote alikuwa nazo mwenyewe tangu mwanzo, kwa hiyo hapakuwa na cha kukabidhi upande huo. Zile nyimbo nne bado ziko studio. Amesema huenda atazimalizia mtoto akianza kutembea, na huenda asizimalizie.